Mnara wa Shoto

Kabla hajawa mpanda minara alikuwa mpaka rangi. Alipaka kuta za maghorofa akining'inia kwa kamba, ndoo ya rangi kiunoni, akiimba kwa sauti ambayo mkewe alisema ingefaa kufukuzia ndege shambani. Urefu haukumtia kizunguzungu hata kidogo. Wenzake wakampa jina la Mkwezi, likamkaa, hata mama yake mzazi akaacha kumwita lile alilompa yeye.

Kampuni ya kigeni ilipokuja kutafuta vijana wa kujenga minara ya simu, haikuuliza vyeti. Walisimamisha nguzo ndefu ya chuma uwanjani, wakasema anayeweza kufika juu na kushuka bila kutetemeka ana kazi. Mkwezi alipanda, akafika, akakaa huko juu akiuangalia mji kama mtu aliyetoka kula na sasa anapunga upepo mlangoni kwake. Aliposhuka aliomba jambo moja tu, mdogo wake naye ajaribiwe.

Mdogo wake aliitwa Shoto, maana kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Alichapwa sana utotoni kwa ajili ya mkono huo, nyumbani na shuleni, lakini mkono ukawashinda wachapaji. Alikuwa mwepesi kuliko kaka yake, na mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi. Watu wa kambi walisema Mkwezi anapanda kwa sababu ni kazi, Shoto anapanda kwa sababu ardhi inamchosha.

Kampuni ile ilitoka katika mojawapo ya nchi kubwa za dunia. Nchi nyingine kubwa, hasimu wake, ilikuwa na kampuni zake pia, na kila upande ulitaka simu za watu, benki zao, hospitali zao na siri za serikali zao zipite katika mitambo yake. Wakubwa walikuja kwa zamu. Huyu akitia sahihi mkopo leo, yule anatuma wajumbe kesho kuuliza kulikoni. Magazetini habari hizo ziliandikwa kwa maneno mazito. Kambini zilifika kwa njia nyingine: nyama iliongezwa kwenye chakula, mapumziko yakapunguzwa, na msimamizi akawa hatoi macho kwenye saa.

"Kaka," Shoto alisema siku moja wakiwa juu, kila mmoja upande wake wa mnara, "hawa mabwana wawili wanagombea mchumba. Mchumba mwenyewe hajaulizwa."

"Wewe funga nyaya."

"Nafunga. Lakini mahari naona tunabeba sisi, tena mgongoni."

Msimamizi wao alikuwa mtu mzima mfupi, mwenye mvi za mapema, aliyeacha mke na binti kwao. Kiswahili alijua neno moja tu, haraka, na alilitumia kwa kila jambo. Akitaka spana, haraka. Akikuamkia asubuhi, haraka. Basi wakamwita Mzee Haraka, naye akadhani ni jina la heshima. Hakuwa mkatili. Alikula nao sufuria moja na alijua nani kati yao ana mtoto mgonjwa. Ila juu yake kulikuwa na wakubwa wa kampuni, na juu ya hao kulikuwa na serikali yao, na neno lililomshukia kutoka huko lilikuwa ni hilo hilo alilowashushia vijana.

Mnara wa mwisho ulikuwa mlimani, juu ya bonde walikozaliwa Mkwezi na Shoto. Nchi jirani ilikuwa imetia sahihi na kampuni za upande wa pili, na huku ikaamuliwa kwamba mtandao wetu uwashwe kabla ya ule wa jirani. Kiongozi wa nchi angebonyeza kitufe uwanjani mbele ya mabalozi na kamera. Wiki ile upepo ulivuma mlimani bila kupumzika. Mzee Haraka alipiga simu makao makuu kuomba kazi isimame. Walioshuhudia wanasema alipokata simu alikaa kitambo kirefu ndani ya gari, kisha akatoka, akaelekeza kidole juu, na kusema neno lake.

Siku hiyo Mkwezi alikuwa chini kwenye kapi, akivuta antena kwa kamba. Shoto alikuwa juu akifunga nyaya. Paa la nyumba ya mama yao lilionekana kutoka pale, na Shoto alikuwa amekwisha kulipungia mkono mara kadhaa, akipiga kelele kwamba anaona mbuzi wamo kwenye mboga. Mkanda wake ulikuwa na ndoano moja, kama mikanda yote ya kampuni ile. Ili kupita kiungo cha chuma ilibidi uifungue, upite, uifunge tena. Aliifungua. Upepo ukaisukuma antena iliyokuwa ikipanda, antena ikamgusa begani. Mguso tu, si pigo.

Mkwezi aliushika ule mwisho wa kamba hata baada ya watu kuanza kukimbia. Ilibidi wamfumbue vidole.

Shoto alipokwisha kuzikwa, watu waliona Mzee Haraka bado yupo. Wengine wa kampuni walikuwa wamekuja, wakasimama kando na suti zao, wakatoa bahasha, wakaondoka. Yeye alibaki. Aliketi chini kwenye mkeka, karibu na mama wa marehemu, miguu yake imekunjwa vibaya kama mtu asiyezoea kukaa chini, akalia bila kujificha uso. Mama alimtazama kwa muda. Kisha akamsogezea kikombe cha maji.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akitamka tena neno lile. Alibaki nalo kama jina tu.

Kitufe kilibonyezwa kwa tarehe iliyopangwa. Bonde likapata mtandao, na halikurudi nyuma. Muuguzi wa zahanati akawa anaita gari la wagonjwa bila kumtuma mtu kukimbia. Wakulima wakajua bei ya sokoni kabla ya kupakia mzigo. Mama alipata simu, akajifunza kubonyeza kitufe cha kijani na kupiga kelele ndani yake kana kwamba anayemwita yuko ng'ambo ya mto. Kila asubuhi akitoka nje aliuangalia mnara mlimani na kusema, "Umeamkaje, mwanangu." Hakuna aliyemcheka.

Mkwezi aliendelea na kazi ya minara, kwa sababu alikuwa na mke na watoto na kwa sababu hakuwa na nyingine. Mkewe, fundi cherehani, hakumkataza. Lakini kila akisikia ametumwa mahali penye upepo, cherehani yake ilinyamaza mpaka aliporudi.

Mzee Haraka alirudi kwao, akastaafu, akaanza kufuga nyuki. Kila mwaka siku ile ya msiba ilipozunguka alituma ujumbe, akitumia simu inayotafsiri yenyewe, na Kiswahili cha simu hiyo kilikuwa ajabu. "Habari ndugu wa marehemu. Mimi ni mzima kwa kiwango cha kati. Je, mama ana afya ya chuma? Mnara bado unaongea?" Mkwezi alimjibu: mama hajambo, mnara unaongea vizuri. Yakaishia hapo hadi mwaka mwingine. Hawakuwa na la zaidi la kuambiana, na hilo liliwatosha.

Ikapita miaka, upepo wa dunia ukageuka. Ile nchi nyingine kubwa ilisema mitambo ya mwenzake inasikiliza siri za watu, na kwamba yeye hatakopesha wala hatashirikiana na serikali yoyote inayoiacha isimame. Ile ya kwanza ikasema huo ni uzushi wa mwenye wivu. Mpaka leo sijui nani alisema kweli, na Mkwezi naye hakujua. Alichojua ni kwamba siku moja redio ilitangaza mkataba mpya, na baada ya muda si mrefu akaitwa na kampuni mpya, ya upande ule wa pili. Walikuwa wanataka watu wanaoijua minara ile. Chuma kingebaki, ila antena, visanduku na nyaya zote vingeteremshwa na kuwekwa vingine.

"Ulipandisha, sasa utateremsha," mkewe alisema akikata uzi kwa meno. "Wanaume mnapenda kazi isiyoisha."

"Ndiyo iliyopo."

"Na ule wa mlimani?"

Mkwezi akainama, akamwokotea kipande cha uzi sakafuni.

Msimamizi mpya alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mgeni pia, aliyesoma Kiswahili chuoni kwao na kukizungumza kama kilivyoandikwa. "Je, umevaa kofia yako ngumu?" aliuliza kila mtu, kila asubuhi, hata dereva. Wakamwita Dada Helmeti. Mikanda yake ilikuwa na ndoano mbili, ili moja ikifunguliwa nyingine imshike mtu. Na wiki ya kwanza tu, upepo ulipoanza, alitoa kidude cha kupimia, akakiinua juu, akakisoma, akapiga filimbi. Wote chini. Kazi imekwisha kwa leo.

Vijana walishangilia kupata mapumziko. Mkwezi alimfuata msimamizi kwenye gari.

"Dada, hii sheria ya upepo, kwenu ni ya siku hizi?"

"Hapana. Ni ya zamani sana. Kabla mimi sijazaliwa."

"Kabla hujazaliwa."

"Ndiyo. Kwa nini unauliza?"

"Nimeuliza tu," alisema, akaenda akasimama nyuma ya gari mpaka dereva alipomwita.

Walipofikia mnara wa mlimani kulikuwa na tatizo jingine. Mitambo mipya ilikuwa imekwama huko inakotengenezwa. Nchi ile ya kwanza, kwa kulipiza, ilikuwa imekataa kuuza madini fulani yanayotumika kutengenezea vipuri, na viwanda vilikuwa vinasubiri. Lakini mkataba ulitaka ya zamani iwe imeondoka yote kabla fungu jingine la mkopo halijatoka. Mkwezi aliuliza mbele ya wenzake: tukiteremsha leo, bonde litaongea na nini?

"Ni kwa muda mfupi," Dada Helmeti alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba naye alilisema hilo jinsi alivyoambiwa.

Kabla ya kupanda Mkwezi alipita kwa mama yake. Alimkuta akipepeta mahindi.

"Mama, leo naenda kule juu."

"Kumfanyia nini?"

"Mnara haung'olewi. Ni matumbo yake tu yanabadilishwa."

Mama alipepeta kidogo, akapuliza makapi. "Basi mpasuaji awe wewe. Usimwachie mgeni."

Alipanda polepole, ndoano mbili. Alipofika juu alifungua kifuniko cha antena, akaona nyuma yake nyaya zimelala sambamba, zimefungwa kwa zile kamba ndogo za plastiki zenye meno, ambazo fundi huzivuta mkia zikabana. Fundi wa mkono wa kulia huvuta mkia ukatokea kulia. Hizi zote mikia yake ilitazama kushoto. Jua na mvua za miaka yote zilikuwa zimezipausha, lakini hakuna hata moja iliyolegea.

Chini walimwona ametulia, wakadhani anapumzika.

Kazi ni kazi. Alitoa koleo, akakata ya kwanza, akaitia kwenye mfuko wa takataka uliofungwa kiunoni, kama sheria ilivyotaka, maana kila kipande cha kampuni ya zamani kilitakiwa kushuka, kupigwa picha, na kwenda kuteketezwa. Akakata ya pili. Akakata zote. Ile ya mwisho ilipomwangukia kiganjani, mkono ulijiendea wenyewe kwenye mfuko wa suruali.

Alipomaliza kushusha kila kitu, muuguzi wa zahanati alikuwa amesimama kwenye lango la ua wa mnara, simu mkononi, akiigeuza huku na huku. Haikuwa na kitu. Bonde lilikuwa limenyamaza.

Langoni kulikuwa na walinzi wa kampuni, na kila anayetoka alipekuliwa, asije akatoka na siri za mitambo. Mlinzi alimuuliza, "Una chochote cha humu?" Mkwezi akasema, "Sina." Hapo ndipo alipojiponza. Angesema anayo, huenda wangeinyang'anya tu na yakaisha. Mlinzi aliikuta mfukoni, akaiinua juu kwa vidole viwili, akamwita msimamizi.

Dada Helmeti aliiangalia. "Hiki ni nini?"

"Kamba tu, Dada."

"Kwa nini umesema huna?"

Mkwezi alitaka kueleza, lakini watu walikuwa wengi. Dada Helmeti alilazimika kutoa taarifa, akatoa. Aliandika kwamba mfanyakazi amepatikana na kipande cha mtandao wa zamani. Taarifa ilipopanda ngazi moja, kipande kikawa kifaa. Ilipopanda nyingine, kifaa kikawa sehemu ya mtambo. Kufika ilikofika, wakaja watu wawili waliovaa mashati ya kawaida, wakamwomba Mkwezi kwa adabu aingie kwenye gari lao.

Chumba alichowekwa kilikuwa na meza, viti, na feni iliyolia kila ikizunguka. Afisa aliyemhoji alikuwa mtu mpole wa sauti, wa umri wake, aliyeanza kwa kumwuliza habari za nyumbani. Simu ya Mkwezi ilikuwa mbele yake.

"Afya ya chuma ni nini?"

"Anauliza kama mama hajambo."

"Si aseme mama hajambo?"

"Simu yake ndiyo inamtafsiria, afande."

"Haya. Na hii: mnara bado unaongea. Mtu wa nchi nyingine, aliyejenga mitambo ambayo serikali imeiondoa, anakuuliza hali ya mnara kila mwaka, na wewe unamjibu unaongea vizuri. Unajua hilo linaitwaje?"

"Salamu," Mkwezi alisema.

Afisa alimtazama aone kama anafanyiwa mzaha, akaona hapana. Mkwezi alimweleza yote tangu mwanzo: mdogo wake, mkono wa kushoto, upepo, mkeka. Afisa alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, afisa alisema anaamini kamba ni kamba, na pole kwa msiba, ingawa ni wa zamani. Lakini urafiki kama ule ni mali. Nchi yetu sasa ina marafiki wapya, na marafiki wapya wangependa kujua mengi. Mkwezi aendelee tu kumwandikia mzee huyo, amuulize kidogo kidogo kampuni yake sasa inajenga wapi, na zamani wakati wa mkataba nani hapa kwetu alipewa nini. Akifanya hivyo, yatakwisha, na kazi ataipata tena, tena nzuri zaidi.

"Amestaafu. Anafuga nyuki."

"Wafuga nyuki nao wana marafiki."

Mkwezi aliinamisha kichwa. Aliwaza mkewe na cherehani iliyonyamaza, akawaza ada za shule. Hata alimkasirikia Mzee Haraka kwa muda, kwa kukumbuka msiba kila mwaka badala ya kusahau kama wengine.

"Afande," alisema mwishowe, "wale wa bahasha siwajui hata kwa sura. Yule alikaa chini na mama yangu. Siwezi kumtumia salamu zenye ndoana ndani."

"Anakupenda kuliko nchi yako?"

"Sijasema ananipenda. Nimesema alikaa chini."

Wakamrudisha alikolala. Siku zikapita, wakamwita tena, akarudia maneno yale yale, mara hii kwa sauti ndogo zaidi, maana alikuwa ameanza kuogopa kweli.

Bondeni habari zilifika kwa mdomo, kwa kuwa simu hazikuwepo. Dereva wa lori alimwambia mwenye duka, mwenye duka akamwambia jirani, na zilipogonga mlango wa mama zilikuwa zimenenepa: mwanao kakamatwa kwa kuiba mnara. Mama alitoka nje, akautazama mlima. Mnara ulikuwepo. Akafunga mlango, akamwachia jirani mbuzi, akapanda lori lile lile mpaka mjini.

Mkewe Mkwezi alimweleza habari ya kamba, akampeleka ofisini kwa yule afisa. Walikaa kwenye benchi la nje asubuhi nzima, wakaambiwa waje kesho, wakaja. Afisa alipotoka kwenda kula aliwakuta bado wamekaa, akaona haya, akawaingiza.

"Mwanangu simwombei," mama alisema. "Kama kakosea mfungeni. Nimefuata ile kamba."

"Mama, kile ni kielelezo. Kimepelekwa nje kupimwa."

"Kupimwa nini?"

"Kama kuna kitu kimefichwa ndani."

Mama alifikiri. "Wakimaliza kupima watairudisha?"

 Afisa alimwita karani alete chai. Mama akaikataa, mkewe Mkwezi akainywa, akasema baadaye kwamba aliinywa kwa hasira, maana ilikuwa chai ya kodi yake.

Waliomwachia Mkwezi hawakumwambia kwa nini wamemwachia. Huenda wapimaji walikuta plastiki ni plastiki. Huenda ni yule afisa. Alirudishiwa simu na mkanda wa suruali, akaelezwa kwamba hataruhusiwa tena kupanda mnara wowote wa mawasiliano, wa kampuni yoyote. Kamba haikurudi. Mama aliendelea kuulizia kwa kila aliyekuwa anakwenda mjini, kisha akaacha.

Siku ya kwanza nyumbani alikaa tu kizingitini. Siku iliyofuata mkewe alimtupia sindano na suruali ya shule iliyochanika.

"Baba watoto, keti ushone. Usikae unaning'inia, hapa si mnarani."

Akacheka, kisha kicheko kikageuka, na mkewe akafunga mlango wa duka ili wateja wasione.

Bonde lilikaa kimya msimu mzima wa mvua. Watu walipanda kilima cha mbali, ambako kwa bahati simu ilidaka mtandao wa nchi jirani, wakasimama huko wamejipanga kama wanaosubiri maji. Muuguzi alirudia kutuma mtu kukimbia. Mama mmoja kijana alipata uchungu mtoto akiwa amelala vibaya tumboni; aliyetumwa alikuta daraja limefunikwa na maji. Mama yule alipona. Mtoto hakupona. Mkwezi aliposikia alikaa akiangalia mikono yake, na mkewe alipomwambia si wewe uliyeagiza, alisema, "Najua. Lakini ni mimi niliyekata."

Mitambo mipya ilikuja hatimaye, ikapandishwa na vijana wengine. Mtandao ukarudi, tena wenye kasi kuliko wa kwanza, na kiongozi akabonyeza kitufe kingine uwanjani, mabalozi wengine wakapiga makofi. Siku ya msiba ilipozunguka, ujumbe wa Mzee Haraka uliingia kama kawaida. Mkwezi alijua unaweza kuwa unasomwa na wengine. Aliuandikia jibu mchana kweupe, dukani kwa mkewe: mama hajambo, mnara unaongea kwa sauti nyingine, mimi sipandi tena, nyuki wako wanaendeleaje. Akalituma. Hakuna aliyekuja kumwuliza.

Alipata kazi ya kuezeka mapaa. Si mbali na ardhi, na mkewe hakulalamika.

Siku moja Dada Helmeti alikuja mpaka pale alipokuwa akiezeka, akasimama chini, mikono nyuma. Alikuwa anahamishiwa nchi nyingine, kufanya kazi ile ile. Mkwezi alishuka.

"Niliandika neno kipande," Dada Helmeti alisema. "Kama ningeuliza kwanza, ningeandika kamba ya ndugu yake. Sikuuliza, nikaja kuambiwa baadaye. Naomba radhi."

Mkwezi alijifuta vumbi usoni kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe. "Na mimi nilisema sina."

Dada Helmeti alimwomba ampeleke kwenye kaburi la Shoto. Wakaenda na gari lake hadi bondeni. Alisimama mbele ya kaburi, akavua helmeti aliyokuwa ameivaa kwa mazoea, akaishika kifuani. Mama aliwaletea maji, akamkagua mgeni kutoka viatu hadi nywele.

"Huko unakokwenda nako mnaondoa?"

"Ndiyo, mama. Tunaondoa ya zamani."

"Na wapandaji ni wenyeji?"

"Ni wenyeji."

"Haya," mama alisema. Mgeni akainamisha macho.

Wakati wa kurudi gari lilizama kwenye tope nyuma ya zahanati. Mkwezi na Dada Helmeti walisukuma, gurudumu likazunguka na kumrushia mgeni tope kutoka kichwani hadi miguuni. Alisimama pale, macho tu ndiyo yanaonekana. Mama, aliyekuwa akiwatazama kutoka mbali, alianza kucheka, akacheka hadi akashika kiuno. Kisha akamwita mgeni nyumbani kwake, akammwagia maji mikononi, na kumpa kitenge chake cha shambani avae, arudi nacho mjini.